Kumpata fundi wa kuaminika wa kukarabati nyumba

Umeuliza utampata wapi fundi wa kurekebisha bafu linalovuja na kuvunja ukuta ili kupanua jiko, bila kutapeliwa. Mimi nisingeanzia kwenye matangazo. Tafuta watu ambao fundi huyo aliwafanyia kazi mwaka jana au mwaka juzi, si wiki iliyopita: vigae vipya hung'aa kwa kila fundi. Muuza vifaa vya ujenzi naye muulize, maana anajua nani hurudi kila mara kununua cha kurekebishia alichoharibu.

Omba makadirio ya maandishi kwa mafundi watatu, ufundi na vifaa vitenganishwe. Wa bei ya chini mno muulize ameacha nini. Kwa bafu, mara nyingi huwa ni ile tabaka ya kuzuia maji chini ya vigae, kwa kuwa haionekani. Kabla vigae havijawekwa, mwambie azibe tundu la kutolea maji, ajaze maji sakafuni na kuyaacha saa 24, kisha mkague chini na pembeni. Akinuna, mwache aende zake.

Ule ukuta wa jiko usiguswe kabla mhandisi hajathibitisha kwamba haujabeba paa au ghorofa. Ulizia pia kama unahitaji kibali cha kuuvunja.

Pesa lipa kwa hatua, kazi ikionekana, na ubakize kiasi cha maana mpaka dosari zote zirekebishwe. Anayetaka zote mwanzoni, hata awe mcheshi vipi, achana naye.