Kabla hujaacha hobi zako ili uandike

Wanaoanza kuandika hadithi huniuliza swali moja kwa sura nyingi: niache nini ili nipate muda? Mmoja anataka kuacha mpira, mwingine kushona, na wa tatu anafikiria hata kuacha kazi. Ndugu yangu, usiache kitu bado. Angalia kwanza jambo hilo linakuachia nini kichwani ukishalimaliza, maana kuna saa mbili zinazokurudisha kwenye hadithi na kuna dakika kumi zinazokufukuza kabisa.

Mimi huandika riwaya na hadithi fupi, na mchana nina ajira. Jioni napenda useremala mdogo mdogo wa stuli, rafu na masanduku. Unapopiga msasa ubao, mkono unakwenda na kurudi kufuata nyuzi za mti, jicho linatafuta mikwaruzo, na ile sehemu ya akili inayotunga sentensi inabaki haina shughuli. Basi inajitafutia. Mara nyingi mhusika aliyeninyima neno tangu asubuhi huanza kusema hapo hapo, nami najifuta vumbi na kuandika alichosema kwa penseli ya seremala, nyuma ya kipande cha msasa kilichokwisha makali. Nikishapaka gundi kwenye maungio na kuyabana, kazi lazima isimame mpaka ikauke. Muda huo ni wa daftari.

Kushona, kulima bustani, kukimbia, kuosha vyombo, vyote viko kundi hilo. Vinatumia mikono na miguu, maneno havigusi.

Tamthilia ya sehemu baada ya sehemu, au mabishano kwenye makundi ya simu, ni jambo jingine. Sisemi ni dhambi. Ila vinakula malighafi ileile unayoihitaji wewe: visa, sauti za watu, hasira, huruma. Ukitoka kwenye ubishi ukakaa mezani, wale uliokuwa ukibishana nao wanakufuata, na mhusika wako hapati pa kusimama. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu akihama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki kule alikotoka, hasa kama kazi ya kwanza aliiacha haijakamilika. Na ubishi wa mtandaoni lini ukakamilika? Kwa hiyo mimi huandika kwanza, kelele baadaye. Mambo ya mikono yanaweza kuja kabla au baada, hayadhuru.

Msidhani waandishi wakubwa walikuwa watu wa jambo moja. Vladimir Nabokov alikuwa mtaalamu wa vipepeo kwelikweli; miaka ya 1940 alifanya kazi kwenye makusanyo ya vipepeo ya makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, na riwaya zake za baadaye aliziandika kwenye kadi ndogo alizoweza kuzipanga na kuzipangua. Shaaban Robert alitumikia serikali ya kikoloni akiwa karani wa forodha kwa miaka mingi, na ni mtunzi huyohuyo tunayemsoma leo. Anthony Trollope, mtumishi wa posta Uingereza katika karne ya 19, alikuwa mezani saa 11 na nusu alfajiri, saa yake mbele, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Na uwindaji wa mbweha akiwa juu ya farasi hakuuacha. Hesabu zake msiziige, zinaweza kukukatisha tamaa mapema. Cha kuchukua kwake ni kwamba muda wa kuandika ulikuwa na mahali pake kwenye siku, na mengine yote yalijipanga kuuzunguka.

Simu iwekwe chumba kingine. Kuizima sauti huku iko mezani hakutoshi, kwa sababu jicho linaiona na mkono unaijua njia.

Lakini kikwazo ninachokiogopa zaidi kwa wanaoanza kinavaa nguo za kazi, nacho ni utafiti. Uko katikati ya tukio, mhusika anavuka mto, ghafla unataka kujua mtumbwi wa aina ile huchongwa kwa mti gani. Unaingia kwenye intaneti, na ukitoka umejua historia nzima ya mitumbwi, na mhusika bado ana mguu mmoja majini. Mimi huandika kwenye mswada neno TAFUTA kwa herufi kubwa, naendelea na sentensi. Jioni nyingine, nikiwa nimechoka kutunga, nayatafuta maneno hayo yote kwa pamoja na kujaza yanayokosekana. Mengine nakuta hadithi haikuyahitaji kabisa. Pembeni pia huwa na karatasi ya mambo ya nyumbani: bili ya kulipa, mtu wa kumpigia. Likinijia naliandika, linatulia.

Jihadharini vilevile na hobi mpya inayozaliwa sura inapokuwa ngumu. Ukijiona unatamani kujifunza gitaa wiki ileile ambayo riwaya imekwama, jua gitaa halina kosa, ila umekimbia. Kadhalika kubadilisha programu ya kuandikia, kubuni jalada la kitabu ambacho hakijafika nusu, kusoma ushauri wa kuandika usiku kucha, pamoja na huu wangu. Yawekeni baina ya mswada mmoja na mwingine, hapo yatawaburudisha kweli. Na hobi ikianza kuletewa oda na tarehe za kukabidhi, imeshakuwa ajira ya pili. Nimeombwa stuli za kuuza mara kadhaa nikakataa, na sijutii, kwa sababu mteja angekaa kichwani mwangu pale anapokaa mhusika.

Watu wa nyumbani msiwahesabu pamoja na vikwazo. Mtoto akigonga mlango, fungua. Kinachowachosha wenzako ni kutojua utatoka lini. Ukisema nusu saa, toka nusu saa ikiisha, hata kama sentensi imekolea. Wakishazoea kwamba unatoka kweli, watakuachia ile nusu saa bila kinyongo, na wengine watakulindia mlango.

Na hiyo sentensi iliyokolea iacheni hivyohivyo. Kwa mwenye maisha yenye mengi, kuachia pale unapojua kinachofuata ni hazina. Chini yake andika mstari mmoja wa kawaida, usio na ufundi: "mama anafungua barua, anamficha Saida". Kesho ukipata dakika ishirini tu, huanzi kwa kukodolea macho ukurasa, unaanza kwa kumfungulia mama barua.

Yatakuja majuma ambayo kazi, ugonjwa au msimu wa mashindano ya mpira utashinda kila kitu. Wengi hapo hungoja siku kubwa ya kurudi, siku isiyo na shughuli, nayo haiji. Usingoje. Chapa kwenye karatasi kurasa mbili tatu za mwisho ulizoandika, uzisome kwa sauti ukiwa umesimama, kalamu mkononi, na ukwaruze kila neno linalokukwaza ulimi. Aya moja ikisharekebishwa, geuza karatasi na uandike nyuma yake sentensi inayofuata.