Mwenye Shaka Asinyamazishwe, Abanwe

Katika miaka niliyokaa kwenye vikao vya kazi na vya kamati nimekutana na watu wa namna mbili ambao wenzao huwaita kwa jina moja, wakatisha tamaa, na ushauri wangu wote hapa unategemea kuwatofautisha. Wa kwanza husema, "Hili halitafika popote, mtaona." Wa pili ni kama mhasibu mmoja niliyefanya naye kazi, ambaye aliinua mkono wakati wengine tumekwisha kufunga madaftari, akasema kwamba malipo ya awamu ya pili yatakwama, kwa kuwa hundi zinahitaji saini mbili na mmoja wa watia saini anaanza likizo wiki hiyohiyo. Watu waliguna kwamba analeta nuksi. Mwenyekiti alimwuliza tu nani aandikiwe barua na lini, na mtia saini wa akiba akapatikana kabla hatujanyanyuka.

Wawili hawa hawatofautiani kwa kiasi cha hofu; pengine mhasibu ndiye aliyeogopa zaidi. Ila shaka yake ilikuwa na mahali, tarehe na mtu wa kuishughulikia, ilhali maneno ya yule wa kwanza hayathibitiki wala hayakanushiki, na kwa hiyo hayamgharimu kitu: mambo yakiharibika atasema alijua, yakinyooka hakuna atakayemkumbusha.

Ndiyo maana namshauri kiongozi wa kazi ambane mwenye shaka badala ya kumnyamazisha. Mwanasaikolojia Gary Klein alieleza mwaka 2007 njia ninayoipenda: kabla mradi haujaanza, wahusika huambiwa wachukulie kwamba umekwisha kushindwa kabisa, kisha kila mmoja aandike peke yake sababu za kushindwa huko. Kule kuandika kimya ndiko kwenye faida kubwa, kwa sababu mtu wa cheo cha chini hatathubutu kusema mbele ya mkurugenzi kwamba ratiba ni ndoto, lakini akiagizwa kuandika ataandika. Na ratiba mara nyingi huwa ni ndoto kweli: Jumba la Opera la Sydney lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia na kukamilika mwaka 1963, likafunguliwa mwaka 1973 likiwa limemeza milioni 102.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo ni baya zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi walipinga kurushwa kwa chombo cha anga cha Challenger, wakieleza kwamba baridi ingeikakamaza mipira inayoziba maungio ya roketi zake. Badala ya wakuu kutakiwa kuonyesha kwamba chombo ni salama, wahandisi ndio waliojikuta wakidaiwa ushahidi kwamba si salama. Kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa. Kwa hiyo ninaposema abanwe, nina maana aeleze ni nini kitakachoharibika na kwa sababu gani; kudai athibitishe kwamba kitaharibika ni njia ya adabu ya kumfunga mdomo.

Katika mambo ya umma hali ni ileile, isipokuwa watazamaji ni wengi. Anayesema "viongozi wote ni walewale" hujiona mkali, kumbe amemstiri mwizi katikati ya waaminifu na kujiondolea kazi ya kuuliza. Anayeshuku kwa dhati na aulize fungu fulani lilitengewa kiasi gani, limetumika kiasi gani, na nani aliidhinisha. Jibu lisipotolewa, aombe iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba swali liliulizwa, pamoja na jina la aliyeahidi kuleta jibu na tarehe ya kulileta.