Maswali ya Wasomaji: Je, Kudai Lugha ya Jimbo ni Ukabila?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anasoma katika jiji la Bengaluru, kusini mwa India. Tunapozungumza kwa simu ananieleza kwamba huko mtu aliyetoka jimbo jingine la nchi hiyohiyo anaweza kugombezwa na dereva wa bajaji kwa sababu hajui Kikannada, lugha ya wenyeji wa huko, na kwamba wako watu walioshambulia maduka kwa kuwa mabango yake yaliandikwa Kiingereza. Mimi nimezaliwa Ujiji, mji ambao Mmanyema, Muha, Mbwari na Mbembe wamekaa mtaa mmoja wakiunganishwa na Kiswahili, na nimelelewa nikiambiwa kwamba anayetanguliza lugha ya kwao anaibomoa nchi. Je, hao Wakannada si wakabila tu? Na kwa nini serikali ya India isiamuru Kihindi kitumike kila mahali, mambo yakaisha?
Mzee wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Aliyokueleza kijana ni ya kweli. Mwishoni mwa Desemba 2023 waandamanaji walipita katika barabara za Bengaluru wakiharibu mabango yasiyo na Kikannada, na mwanzoni mwa 2024 bunge la Karnataka, jimbo ambalo Bengaluru ndiyo makao yake makuu, likarekebisha sheria yake ili asilimia 60 ya maandishi ya kila bango la biashara iwe ya Kikannada. Hata hivyo nakuomba usiwapime watu wale kwa kipimo cha Ujiji, kwa sababu Tanzania na India ziliufikia umoja wake kwa njia mbili zilizo mbalimbali kabisa.

Sisi tulipopata uhuru tulikuwa tayari na Kiswahili, ambacho kilifika Tabora na Ujiji pamoja na misafara ya karne ya 19, kikasafiri tena na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha kikawa lugha ya mikutano ya TANU. Tena waliokizungumza tangu utotoni walikuwa watu wachache wa pwani na visiwani, kwa hiyo Msukuma, Mnyamwezi au Muha hakuwa na sababu ya kuhofu kwamba kukikubali Kiswahili ni kukubali kutawaliwa na kabila kubwa. India haikuwa na lugha ya namna hiyo. Kihindi ni lugha ya majimbo makubwa ya kaskazini, yenye wabunge wengi na kura nyingi; katika sensa ya 2011 kilihesabiwa kuwa lugha mama ya asilimia 43.6 ya Wahindi wote, na hesabu hiyo yenyewe imewajumuisha watu wa Kibhojpuri, ambao peke yao ni takriban milioni 50. Ukiwa Mkannada au Mtamil, amri ya kutumia Kihindi kila mahali haikufikii kama mwaliko wa umoja. Inakufikia kama habari kwamba mtoto wa jirani yako amezaliwa akiwa na cheti ambacho mtoto wako atalazimika kukisotea miaka kumi.

Jambo hilo limekwisha kujaribiwa, mzee wangu. Katiba ya 1950 ilikifanya Kihindi kuwa lugha rasmi ya serikali kuu na ikaruhusu Kiingereza kiendelee kwa miaka 15 tu. Muda huo ulipofika ukingoni mwaka 1965, ghasia kubwa zilizuka katika jimbo la Madras, ambalo leo ni Tamil Nadu. Watu waliuawa, na wengine wakajiua kwa kupinga Kihindi. Mwaka 1967 sheria ikarekebishwa ili Kiingereza kiendelee bila kikomo. Mpaka sasa India haina lugha ya taifa katika katiba yake, bali ina orodha ya lugha 22 zinazotambuliwa, na kila jimbo lina haki ya kuchagua lugha ya kuendeshea shughuli zake.

Majimbo yenyewe nayo yalichorwa kwa kufuata lugha, na si kwa hiari ya Nehru, waziri mkuu wa wakati ule, ambaye aliogopa kama unavyoogopa wewe. Desemba 1952 mtu mmoja aitwaye Potti Sreeramulu alikufa kwa kufunga, akidai wasemaji wa Kitelugu wapewe jimbo lao. Mwaka uliofuata jimbo la Andhra likaundwa, na tarehe 1 Novemba 1956 ramani ya nchi nzima ikachorwa upya. Wakannada, ambao walikuwa wametawanyika katika tawala za Mysore, Bombay, Hyderabad, Madras na Coorg, wakawekwa chini ya serikali moja, iliyopewa jina la Karnataka mwaka 1973. Wengi walitabiri kwamba India ingevunjika vipandevipande. Haikuvunjika, na mimi naamini ilipona kwa sababu ilikubali mapema kwamba mtu anaweza kuwa Mkannada mzima na Mhindi mzima kwa wakati mmoja. Kwa hiyo raia wa Karnataka anapotaka ofisi ya jimbo lake imjibu kwa Kikannada, haombi upendeleo. Anadai jambo ambalo jimbo hilo liliundwa kulitimiza.

Kinacholifanya suala hili liwe chungu Bengaluru kuliko mahali pengine ni historia ya jiji lenyewe. Mwaka 1809 Waingereza walijenga kambi yao ya jeshi kando ya mji wa zamani, wakaijaza askari, watumishi na wafanyabiashara wengi wa Kitamil, na kambi ile ikawa na utawala wake peke yake mpaka 1949. Baadaye vikaja viwanda vikubwa vya umma, kikiwamo kile cha ndege cha HAL kilichoanzishwa mwaka 1940, kisha yakaja makampuni ya kompyuta, na kila wimbi likaleta watu wa lugha nyingine: Kitelugu, Kiurdu, Kimalayalam, Kimarathi, Kihindi. Leo wenye Kikannada kama lugha mama hawafiki nusu ya wakazi wa makao makuu ya jimbo lao wenyewe. Mtu wa namna hiyo akifika dirishani kwenye benki akakuta karani aliyehamishiwa hapo kutoka mbali asiyeelewa hata salamu yake, hasira yake ina msingi, hasa akikumbuka kwamba kwa miaka mingi mitihani ya kuwania kazi hiyo ilifanywa kwa Kihindi na Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ndipo serikali kuu ilipoamua kwamba mitihani ya ukarani katika mabenki ya umma ifanywe pia kwa lugha 13 za majimbo. Vilevile mwaka 2017, wakazi walipopinga maandishi ya Kihindi katika vituo vya treni ya mjini, walikuwa wanauliza swali la haki: kwa nini reli ya jiji la Karnataka iwe na lugha ya kaskazini, ilhali treni za mijini za kaskazini hazina Kikannada? Maandishi yale yaliondolewa.

Mpaka hapo niko upande wao, na sioni haya kusema hivyo. Ninapoachana nao ni pale dai linapotoka ofisini na kumwendea mtu barabarani. Ofisi, benki, hospitali na shule zina wajibu wa kumhudumia raia kwa lugha ya jimbo, na mwajiri mwenye makao Bengaluru ana wajibu wa kuwafundisha lugha hiyo wafanyakazi wake. Lakini kibarua aliyetoka majimbo ya mbali kama Bihar au Odisha kuja kubeba zege kwenye maghorofa yale hana wajibu wa kuthibitisha utu wake kwa dereva wa bajaji. Katiba hiyohiyo iliyompa Mkannada jimbo lake inampa kibarua haki ya kwenda na kukaa popote ndani ya India, na kifungu cha 350A, kilichoongezwa mwaka uleule wa 1956, kinayataka majimbo yawatafutie watoto wa lugha za wachache nafasi ya kusoma shule ya msingi kwa lugha yao. Mpaka huu umevukwa zaidi ya mara moja, na matokeo yake ni aibu. Mwaka 1991, mgogoro wa maji ya mto Cauvery kati ya Karnataka na Tamil Nadu ulipopamba moto, Watamil wa Bengaluru walishambuliwa na maelfu wakakimbia makazi yao, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mamlaka juu ya tone la mto ule. Mwaka 1994 kipindi kifupi cha habari kwa Kiurdu katika televisheni ya taifa kilizua ghasia zilizoua watu. Hapo hapakuwa na lugha iliyotetewa, mzee wangu. Palikuwa na jirani aliyetafutwa kwa sababu alikuwa karibu na hakuwa na nguvu.

Tena wanaotumia ngumi wanaisahau historia ya Kikannada chenyewe. Tuzo ya Jnanpith, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa kabisa za fasihi nchini India, imewaendea waandishi wanane wa Kikannada. Bendre, aliyeipata kwa mwaka 1973, alikulia nyumba ya Kimarathi. Masti, kwa mwaka 1983, nyumba ya Kitamil. Karnad, kwa mwaka 1998, nyumba ya Kikonkani. Lugha hiyo ilinawiri kwa sababu wageni na watoto wa wageni waliipenda wakaitumikia, nami sijapata kusikia kwamba kuna aliyepigwa barabarani akaja kuandika tamthilia.

Kuhusu kijana wako, mshauri ajifunze Kikannada cha sokoni na cha nauli angali mwanafunzi. Mgeni wa mbali hadaiwi mengi, na kwa hakika atakutana na watu wengi wapole kuliko wakali.

SWALI: Mhariri, mimi ninaishi Tabora mjini. Wahindi wa maduka ya hapa niliokua nao walikuwa wakisemezana lugha yao, nasi tukiamini ni Kihindi. Je, ndicho hicho kinachogombaniwa?
Msomaji, Tabora

JIBU: Hapana. Wengi wa wafanyabiashara wa asili ya India waliofika Tabora, Kigoma na Ujiji walitoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, na lugha zao za nyumbani ni Kigujarati na Kikachi. Sisi tuliziita zote Kihindi kwa kuwa hatukuwa na sababu ya kuzitofautisha, lakini Mgujarati akienda Bengaluru naye ni mgeni kama Mbihari, na atahitaji Kikannada kama mwenzake.

SWALI: Mpendwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kasulu. Wanafunzi wangu wakisema Kiha darasani wenzangu huwaadhibu, wakisema tunalinda umoja wa taifa. Nimesikia kuwa India kila jimbo lina lugha yake. Je, nasi Kigoma tudai Kiha kiwe lugha ya mkoa?
Mama Mwalimu, Kasulu

JIBU: Mama Mwalimu, kwa lugha ya mkoa nitasema hapana, na sababu yangu haitokani na kukidharau Kiha. Mikoa yetu haikuchorwa kwa lugha. Ndani ya Kigoma yenu wako Wavinza, Watongwe, Wabembe na Wamanyema, na kukipa Kiha hadhi ya ofisi kungewafanya hao wawe wageni Uvinza na Ujiji kesho asubuhi. Kiswahili kimewalipa Waha vizuri: babu zao waliokwenda Tanga kukata mkonge walikutana huko na watu wa nchi nzima, na ndicho kilichowawezesha kuelewana nao.

Lakini adhabu kwa mtoto sikubaliani nayo hata kidogo. Sera ya Utamaduni ya 1997 inasema wazi kwamba jamii zetu ziendelee kuzitumia na kujivunia lugha zao za asili, na inahimiza ziandikiwe kamusi na vitabu vya sarufi. Mtoto wa darasa la kwanza aliyetoka kijijini akiwa na Kiha peke yake anahitaji mwalimu atakayemwelekeza kwa Kiha mpaka Kiswahili chake kisimame. Akichapwa kwa sababu hiyo, atajifunza kunyamaza tu. Na ninyi watu wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe mna sababu ya ziada ya kulitazama hili kwa makini, kwa maana Kiha na Kirundi vinaelewana, na wako Waha waliotiliwa shaka uraia wao kwa sababu ya lafudhi tu. Anayempima Muha uraia kwa matamshi yake anatenda kosa lilelile la anayemsimamisha Mbihari barabarani Bengaluru.

Zungumza na mwalimu mkuu kabla ya muhula ujao kuhusu adhabu hizo, na umpelekee maneno ya sera hiyo yakiwa yamechapwa. Ukikataliwa, niandikie tena, nami nitalileta suala hilo kwenye ukurasa huu bila kuitaja shule yako.