Kabla hujaomba laini kubwa ya intaneti, achana na grafu ya wastani

Wadau mnaoshika mitandao ya vyuo, hili nimeliona mara nyingi mno kwenye vikao vya bajeti. Unapeleka grafu ya matumizi ya laini ya mwaka mzima, bosi anaona 45%, anakuuliza "mbona nusu nzima bado haijatumika?" na wewe unajua kabisa jioni wanafunzi hawawezi hata kufungua mfumo wa kusajili masomo.

Shida iko kwenye wastani. Chukua MRTG, programu ya kuchora grafu za trafiki, kwenye grafu yake ya mwaka kila nukta ni wastani wa siku nzima, sasa linki (laini yenyewe) ikipigwa 95% kuanzia saa nane mchana mpaka saa nne usiku, halafu masaa 16 yaliyobaki iko 20%, piga hesabu uone, wastani unatoka 45% na yale masaa nane ya mateso hayaonekani popote. Kwa hiyo hifadhi na kiwango cha juu, usiishie kwenye wastani. RRDtool, ile ya kuhifadhi vipimo, ukiiambia itunze MAX (cha juu) inatunza, na Zabbix, programu ya kufuatilia mitandao, kwenye trends zake (muhtasari wa muda mrefu) kila saa inaweka cha chini, wastani na cha juu.

Namba ninayoiamini mimi ni asilimia ya 95, yaani kiwango ambacho 95% ya vipimo vyako havikipiti. Ukipima kila dakika 5, mwezi wa siku 30 unakupa vipimo 8,640, unavipanga kwa ukubwa, unatupa 432 vya juu kabisa (ni kama masaa 36), kinachofuata ndio namba yako. Kwa chuo nachukua saa za matumizi tu, maana usiku wa manane ukiuingiza unaishusha namba bure. Na hakikisha unasoma kaunta za biti 64 kwenye ruta, zile ifHCInOctets zinazohesabu baiti zinazoingia, kwa sababu kaunta ya biti 32 kwenye linki ya Gbps 1 ikiwa imejaa inazunguka na kurudi sifuri ndani ya sekunde 34 hivi, wewe unapima kila dakika 5, utapata takataka.

Halafu usilinganishe Oktoba na Agosti, chuo kikifungwa trafiki inakufa yenyewe. Linganisha wiki ya nne ya muhula huu na wiki ya nne ya muhula kama huo mwaka jana. Siku zenye matatizo weka alama uzitoe, mfano Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ikasumbua nchi nyingi za huku kwetu, zile siku hazisemi chochote kuhusu mahitaji ya watu wako.

Tuseme laini ni Mbps 300, asilimia yako ya 95 mwaka jana ilikuwa 140, mwaka huu 190, na hutaki kupita 80% yaani 240. Ukikadiria ongezeko la 50 kila mwaka una miezi 12. Lakini ongezeko hilo ni karibu 36%, na trafiki mara nyingi inakua kwa asilimia, ukipiga hivyo unabaki na miezi 9 tu! Toa muda wa manunuzi, ambao sisi wa taasisi za umma tunaujua, mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na usipokuwemo kwenye bajeti hata tenda huitangazi. Ndio maana kwa bosi napeleka tarehe, namwambia tutafika 240 mwezi fulani na maombi yanatakiwa yawe yametoka mwezi fulani, hapo mnaongea lugha moja.

Sasa kuna hili ambalo naomba mlishike sana, linki ikishajaa grafu inakuwa bapa kule juu, na ukichora mstari wa mwelekeo juu ya data hiyo utaambiwa matumizi hayakui tena, wakati watu wamekata tamaa wamerudi kwenye bando za simu zao. Ukiona ubapa huo angalia paketi (vipande vya data) zinazotupwa kwenye intafesi (mlango wa ruta) na ping ya saa za jioni (muda wa data kwenda na kurudi), mahitaji ya kweli yamejificha huko, na ukiongeza laini tegemea trafiki iruke siku hiyo hiyo.

Na sio kila malalamiko ni laini. Angalia na anwani za DHCP, zile ambazo mtandao unamgawia kila anayejiunga, mtandao wa ukubwa wa /24 una anwani 254 za kugawa na moja imeshachukuliwa na ruta, wanafunzi 130 kila mmoja ana simu na laptop, tayari zimeisha, laini iko nusu tupu na watu hawaunganishwi. Ukikuta hivyo punguza muda wa lease (muda ambao kifaa kinashikilia anwani) kutoka masaa 24 mpaka 2, au panua hadi /23 yenye anwani kama mara mbili, hiyo unaifanya leo leo bila tenda. Ila idadi ya anwani zilizotumika nayo iwekee grafu, nayo inapanda kila muhula.