ITOE HIYO STAUTI KWENYE FRIZA KABLA HUJAMALIZA KUSOMA HAPA

Mkuu umeandika una chupa ya stauti ya imperiali, ile bia nyeusi nzito, kilevi asilimia 11, umeitupia kwenye friza tangu saa kumi ili usiku "ishuke vizuri", na unauliza utumie gilasi gani, uile na nini na ikibaki uitunze vipi. Inuka ukaitoe. Sasa hivi, mi nitaendelea kuandika.

Nasema hivi kwa sababu niliharibu ya kwangu kwa njia hiyohiyo. Kaka yangu aliniletea chupa kubwa ya mililita 750, asilimia 12, imelala mwaka mzima kwenye mapipa ya mwaloni yaliyowahi kutunza wiski ya bourbon. Wenye bourbon kwa sheria ya Marekani wanatakiwa kutumia mapipa mapya, ndo maana yaliyotumika yanauzwa na watengeneza bia wanayagombania. Aliniletea mwanangu alipozaliwa, nikaiweka kabatini miaka miwili nikisubiri siku ya maana. Siku ikafika, wageni wanne, nikataka kufanya jambo kwa usahihi, nikaenda kuuliza kwa mtu anayeuza vinywaji. Nilimuuliza kwa adabu kabisa. Akanijibu bila hata kuiangalia picha ya chupa: bia nyeusi zote ni zilezile, piga friza masaa matatu, ubaridi unaua uchungu.

Unaua uchungu! Mtu anashinda katikati ya chupa kutwa nzima afu anamwambia mteja maneno hayo. Ni kinyume chake jamani. Baridi ikizidi inachoua ni harufu, kwa sababu harufu lazima ipae toka kwenye bia ikufikie puani, na bia ikiwa ya baridi kali haipai kitu. Mchuzi uliolala kwenye friji si haunuki? Upashe moto uone kama jirani hajajua umepika nini. Utamu wa kimea nao unafifia kwenye baridi, ulimi unakufa ganzi, kinachobaki mdomoni ni uchungu mtupu na ukavu wa nafaka iliyoungua.

Na ndo tulichokunywa. Chembe za barafu zinaelea, povu hakuna, ladha kama maji yaliyoloweka mkaa. Wageni wakakunja sura, mmoja akaniuliza kama haijaharibika, na mimi kwa kuamini kwamba imeharibika kweli nikakusanya gilasi zao nikamwaga kwenye sinki, na iliyobaki kwenye chupa nayo nikamwaga. Miaka miwili kabatini, yote kwenye sinki. Kabla hamjanirukia: kibandiko nilikisoma mbele na nyuma, hakikuwa na neno hata moja kuhusu joto la kunywea.

Sasa sikiliza. Wageni wameondoka, napanga meza, nakuta gilasi moja imejificha nyuma ya jagi, imekaa pale kama dakika arobaini. Naiinua nikamwage, harufu ikanikuta njiani. Chokoleti, kahawa, zabibu kavu, vanila, mbao. Nikasimama pale jikoni na funda moja la mwisho mdomoni, nzito, laini, uchungu umekaa nyuma kabisa pale unapotakiwa kukaa, na nikaelewa nimemwaga nini. Nilishindwa hata kumpigia kaka yangu wiki ile.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi: stauti nzito hainywewi baridi kali. Nyuzi 10 mpaka 14 hivi. Ikitoka kwenye friji ya kawaida, ambayo huwa nyuzi 4 au hapo jirani, iache mezani nusu saa bila kuigusa. Afu usiimimine yote, mimina kidogo, nusa, onja funda dogo, subiri dakika kumi onja tena, utaona ni kama umefungua chupa nyingine kabisa. Gilasi ni ile yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, isijae hata nusu, uishike kwa kiganja ipate joto la mkono. Na usiigide, gilasi moja ya asilimia 12 ina kilevi zaidi ya mara mbili ya gilasi hiyohiyo ya bia ya asilimia 5, hii ni chupa ya watu watatu au wanne na hakuna wa kushika usukani.

Kinachowachanganya watu ni rangi. Weusi hauna uhusiano na ukali. Guinness ya bomba inayomiminwa Ireland ni nyeusi tii na ina asilimia 4.2 tu, ile ni sawa kabisa kunywa ya baridi. Weusi unatokana na nafaka iliyokaangwa, Mwingereza mmoja Daniel Wheeler aliisajilia hataza mashine ya kukaanga kimea mwaka 1817, karibu sawa na kukaanga kahawa, na hiyo kahawa na chokoleti unayoisikia mara nyingi haikutiwa na mtu, ni ukaangaji wenyewe. Yaani watu wametumia karne mbili kuitengeneza hiyo harufu, wewe uje uizike na barafu kwa ushauri wa mtu asiyejua?

Umeshaitoa? Kama imeanza kuganda usiifungue wala kuitikisa, friza ya nyumbani huwa nyuzi 18 chini ya sifuri na chupa yenye gesi ikiganda inaweza kupasuka. Isimamishe wima kwenye friji ya chini iyeyuke taratibu, leo usiiguse, kesho jioni itoe, hesabu nusu saa, afu rudi kwenye uzi huu useme umesikia nini puani.