Kabla Hujanyoosha Mkono Mnadani: Vitu vya Kale, Vichezeo na Zana

Nyundo ikishagonga, kitu ni chako pamoja na kasoro zake zote. Minada mingi ya vitu vya kale huuza kila kitu "kama kilivyo", na maneno hayo mawili ndani ya masharti yana uzito kuliko picha kumi za katalogi. Kwa hiyo kazi ya mnunuzi hufanyika kabla ya siku yenyewe: kwenye ukaguzi na kwenye karatasi ya hesabu. Anayefika na pesa na hamu tu huuziwa mbuzi kwenye gunia, na mara nyingi mbuzi huyo ana miguu mitatu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoumiza wengi. Bei anayoitangaza dalali anapogonga nyundo siyo utakayolipa. Tuseme una 1,000, sarafu yoyote ile. Kamisheni ya mnunuzi, yaani ada ya mnada juu ya bei ya nyundo, ni 25%. Kamisheni hiyo inatozwa kodi ya 20%, yaani 5% nyingine ya bei ya nyundo. Ukinunua kwa intaneti kupitia jukwaa la kati, ongeza 3%. Jumla 33%. Ufungaji na usafirishaji umeuliza mapema, ukaambiwa 120. Toa 120, zinabaki 880. Sasa gawanya 880 kwa 1.33, upate 661. Hapo ndipo pa kusimama: 660. Wageni wengine hutoa 33% ya 880 na kupata 590, halafu wanashangaa kila kitu kinawapita. Ni kugawanya, siyo kutoa. Soma pia kama kodi inatozwa kwenye bei ya nyundo yenyewe. Vitu vingine huwekwa alama katika katalogi kuonyesha hivyo, na alama hiyo ndogo hubadilisha hesabu nzima.

Dau hupanda kwa ngazi. Ngazi ikiwa ya 50, na mwenzako ameshika 650, dau linalofuata ni 700. Kikomo chako cha 660 hakina kazi tena, kaa chini. Ndiyo maana inafaa kujua ngazi mapema na kutazama zitakuangukiaje. Ukiwasilisha dau la maandishi, liwahishe: madau mawili yakilingana, kwa kawaida lililotangulia kufika ndilo linaloshinda. Na katika minada ya intaneti inayojiongezea dakika kila dau jipya linapoingia, kuvizia sekunde ya mwisho hakukupi chochote.

Kiasi cha 1,000 chenyewe kitoke wapi? Kitoke kwenye bei zilizolipwa, siyo bei zinazoombwa. Tafuta matokeo ya minada ya kitu kilekile, kumi au zaidi, uangalie hali ya kila kimoja na kama bei iliyoandikwa imejumlisha kamisheni au la. Tangazo la dukani linalosema kitu ni 900 linakuambia jambo moja tu: kwamba hadi leo hakijapata mtu wa kulipa 900.

Katika katalogi kila neno limepimwa. "Cha fulani" na "kinachohusishwa na fulani" ni vitu viwili tofauti, na "kwa mtindo wa fulani" maana yake ni kwamba fulani huyo hakukigusa kamwe. Makadirio ya chini nayo yasikudanganye: mara nyingi yamewekwa chini makusudi ili kuita watu. Ila yana faida moja. Kwa desturi, kiwango cha siri ambacho muuzaji hakubali kushuka chini yake hakiwekwi juu ya makadirio ya chini, kwa hiyo unapata fununu mnada utaanza kuwa wa kweli wapi. Chini ya kiwango hicho dalali anaweza kuita madau kwa niaba ya muuzaji, hata kama ukumbini umenyoosha mkono peke yako.

Picha zikiwa nne na zote za upande mmoja, upande wa pili una habari. Andika kuomba taarifa ya hali ya kitu, siku mbili kabla angalau, na uulize maswali yasiyoweza kujibiwa "ni kizuri": Kuna ufa? Wapi, na una urefu gani? Kuna sehemu iliyobadilishwa au kupakwa rangi upya? Naomba picha ya chini, ya ndani na ya alama. Jibu la maandishi litunze.

Siku ya ukaguzi nenda na tochi, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku ndogo, rula ya chuma iliyonyooka, na taa ya UV kama zile za kukagulia noti. Hivyo vitano vinatosha.

Zana ndizo shule nzuri kuliko zote, kwa sababu chuma hakijui kusema uongo kwa muda mrefu. Chukua randa ya Stanley namba 4, ile ya inchi 9 ambayo mafundi wengi huanza nayo. Fungua kifuniko cha kukaza, toa kisu, halafu mulika tochi kwenye mdomo, pale kisu kinapotokea. Mwili ni chuma cha kusubu. Randa ikidondoka sakafuni, haipindi, inapasuka. Ufa huanzia kwenye pembe za mdomo na kupanda ubavuni, mwembamba kama unywele, na uchafu wa miaka huufunika. Pitisha ukucha. Ukiona mstari wa manjano, iliwahi kuungwa kwa shaba. Inaweza kufanya kazi, lakini kwa mkusanyaji bei yake imeanguka. Kisha weka rula chini ya randa kwa urefu na kwa mshazari, uitazame dhidi ya mwanga. Uwazi kidogo hurekebishika kwa msasa juu ya kioo. Uwazi mkubwa ni jasho la siku kadhaa.

Sasa umri. Randa za Stanley za aina ambayo wakusanyaji huiita ya 11, za takriban 1910 hadi 1918, zina tarehe tatu za hataza (haki ya uvumbuzi) nyuma ya kiti cha kisu: Machi 1902, Agosti 1902 na Aprili 1910. Kisu chenye chapa ya moyo ulioandikwa S.W. ni cha kuanzia takriban 1920. Kifuniko chenye tundu lenye umbo la figo kilianza 1933. Ukikuta mwili wa tarehe tatu, kisu cha moyo na kifuniko cha figo, mkononi una randa tatu zilizogeuzwa moja. Kwa fundi hakuna neno, itakata mbao vizuri tu. Kwa anayelipa bei ya mkusanyaji ni hasara, kwani sehemu hizi huvaana bila shida na hakuna atakayekuambia. Hesabu pia skrubu na boliti: hesi za Stanley si za vipimo vya kawaida, na boliti iliyopotea haitapatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kuhusu namba 1, ile ndogo ya inchi 5 na nusu, shauri ni fupi. Ni adimu, ni ghali, inaigwa sana, na si kitu cha kununua mwaka wako wa kwanza.

Patasi na misumeno zina maswali machache: chuma kilichobaki ni kiasi gani kabla ya kufika shingoni, kutu imekaa juu au imechimba mashimo, na mpini umeliwa na wadudu au la. Mashimo karibu na makali hayaondoki kwa kunoa, kwa sababu kila unaponoa unakutana na mengine.

Kwenye vichezeo, hatari kubwa zaidi haionekani kwa haraka. Magari madogo ya kusubu yaliyotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, yakiwemo ya Dinky Toys yaliyoanza kuuzwa kwa jina hilo mwaka 1934, mengi yalimiminwa kwa aloi ya zinki. Aloi ikichafuliwa na madini ya risasi kidogo tu, chuma huanza kuoza kwa ndani, taratibu, kwa miongo. Dalili ni nyufa zilizotapakaa kama za tope lililokauka, rangi inayovimba kwa mapovu, mwili uliopinda kama ndizi, magurudumu yaliyotanuka hadi hayazunguki. Hakuna dawa. Uozo huu hauambukizi gari la jirani, kama wengine wanavyodhani, ila joto na unyevunyevu vinaharakisha. Usilikaze mkononi gari la namna hiyo wakati wa ukaguzi, likivunjika utalinunua.

Rangi ya kurudiwa inajificha kila mahali isipokuwa chini. Geuza gari, weka lenzi kwenye ribiti zinazoshika sakafu ya gari na mwili. Ribiti ya kiwandani ina kichwa laini na rangi au chuma chake vinaendana na sakafu. Iliyotobolewa kwa drili na kugongwa tena ina mikwaruzo ya duara na kingo zinazong'aa. Rangi mpya hujaza mistari ya milango na kuilainisha, na wakati mwingine hupita juu ya ekseli. Magurudumu nayo yabadilishwa kirahisi: magari madogo ya Matchbox yaliyoanza 1953 yalitoka magurudumu ya chuma yakaenda ya plastiki ya kijivu, kisha nyeusi, hadi magurudumu ya kasi ya Superfast ya 1969, na gari lilelile kwa gurudumu tofauti huwa na bei tofauti kabisa. Hapo ndipo ulaghai hupata nafasi.

Boksi mara nyingine lina thamani kama gari lenyewe, kwa hiyo mabingwa wa nakala hawalali. Zima taa, washa UV. Karatasi nyingi za tangu miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha weupe, nazo hutoa mwanga mkali wa bluu. Boksi linalodaiwa kuwa la 1936 likiwaka hivyo, limeshajieleza. Lisipowaka, bado hujathibitisha kitu, maana karatasi ya zamani inapatikana na karatasi isiyong'arishwa inatengenezwa hadi leo.

Vichezeo vya bati vilivyochapwa rangi, hasa maroboti ya Kijapani ya betri, fungua kwanza tumbo la betri. Betri iliyovuja hula vibati vinavyogusana na betri na kupanda na waya hadi kwenye injini. Unga wa kijani au mweupe ndani unamaanisha huenda kisitembee tena. Halafu tazama ndimi za bati zinazoshikanisha nusu mbili. Zilikunjwa mara moja kiwandani. Ulimi wenye mikunjo miwili, au uliokatika, unasema kimefunguliwa. Maandishi ya "Made in Occupied Japan" yanakuweka kati ya 1945 na 1952, ingawa nayo hupigwa chapa bandia.

Tahadhari moja kuhusu tarehe zilizogongwa kwenye plastiki: mara nyingi ni tarehe ya haki miliki, siyo ya kutengenezwa. Wanasesere wengi wa Barbie wana 1966 mgongoni ilhali walitoka kiwandani miongo baadaye. Kila wiki kuna anayelipia mwaka huo.

Vyombo vya fedha, fanicha na vyombo vya udongo vinahitaji somo lao, kwa hiyo machache tu. Alama ya simba anayetembea ya Uingereza ni fedha ya 925, yaani asilimia 92.5 ni fedha halisi. Herufi EPNS ni fedha ya kupakwa, haina thamani ya kuyeyusha. Kinara cha mishumaa kizito mara nyingi kimejazwa lami au plasta, basi usizidishe uzito wake kwa bei ya fedha. Kwenye fanicha, skrubu ya kichwa cha msalaba haikuwepo kabla ya miaka ya 1930. Kama ipo kwenye kabati la "1820", uliza ilifika lini. Sahani inayolia vizuri ikigongwa kwa ukucha ni nzima, inayotoa sauti ya kufa ina ufa. Chochote chenye pembe ya ndovu, hata kishikio kidogo cha birika, kiulizie sheria kabla ya dau, kwa sababu mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na sheria za nchi vinaweza kukizuia mpakani na pesa imeshakwenda.

Loti mchanganyiko, yaani vitu vingi vinavyouzwa pamoja ndani ya makasha, ni tamu kwa wageni. Thamini kitu kimoja au viwili unavyovijua, vingine vyote viandike sifuri, ukumbuke kwamba utalazimika kuvibeba vyote. Piga picha ya kasha siku ya ukaguzi. Kuna watu ambao huhamisha kitu kizuri kutoka kasha moja hadi jingine ambalo wao tu ndio wanalifuatilia, na picha ndiyo hoja yako kwa wahudumu, kabla ya mnada, siyo baada.

Ukishinda, angalia muda wa kuchukua. Ukipita, ada ya ghala huanza kuhesabu kila siku. Wafungaji waambie wasitumie plastiki ya mapovu moja kwa moja juu ya rangi, kwani mapovu huacha alama za duara zisizotoka. Kwanza karatasi laini isiyo na asidi, ndipo mapovu, kisha boksi ndani ya boksi na nafasi ya sentimita 5 ya kujaza pande zote. Vitu vizito visipande boksi moja na vyepesi.

Kikifika nyumbani usikisafishe siku hiyo. Toa betri. Linganisha na taarifa ya hali uliyotunza, na dai lolote litume mara moja, kabla muda uliowekwa na masharti haujaisha. Randa yenye kutu, ipake mafuta mepesi, ilaze usiku, kisha sugua kwa sufi ya chuma ya 0000, iliyo laini kabisa, na usiguse kwa brashi ya waya sehemu yenye chapa. Saa ya zamani yenye namba zinazowaka gizani usiifungue: nyingi za kabla ya miaka ya 1970 zilipakwa radiamu, metali inayotoa mionzi, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Na ukihisi kichezeo ni cha seluloidi, plastiki ya zamani, usikijaribu kwa sindano ya moto kama wazee wa mnadani wanavyoshauri. Seluloidi hushika moto kama kiberiti. Kisugue kwa kidole gumba hadi kipate joto, ukinuse: harufu ya kafuri inatosha.