Kabla ya Hadubini, Jifunze Kutayarisha Sampuli

Dada mmoja anayesoma uzamili ameniandikia wiki hii: "Kaka, nataka kufika kwenye hadubini ya elektroni ya baridi kali. Nianze na programu gani?" Nakuelewa, dada yangu. Nami nilitoka nyumbani na kiu hiyohiyo, hasa baada ya Dubochet, Frank na Henderson kupewa Nobeli ya kemia mwaka 2017 kwa kuiendeleza hadubini hiyo, inayopiga picha protini zilizogandishwa ghafla. Lakini usianze na programu. Anza na sampuli, yaani ile protini unayotaka kuipiga picha.

Nilipofika maabara huku Ulaya, nilipangiwa kutengeneza chipu za mifereji midogo, vibao vyenye njia nyembamba za kupitishia sampuli. Mkubwa mmoja akawaambia wenzangu kuwa ni kazi ya kunizuia nisizurure. Maneno yale yananiuma hadi leo. Nikakoroga PDMS, aina ya mpira wa silikoni, sehemu 10 kwa 1 ya kigandishi, nikaoka, nikabandika kwenye kioo kwa plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa umeme), miezi ikapita.

Sasa tazama hesabu. Kwa njia ya kawaida unadondosha kama maikrolita 3 kwenye kigridi, kile kiwavu cha kubebea sampuli chenye upana wa milimita 3, kisha karatasi inanyonya karibu zote. Protini uliyoihangaikia wiki nzima inaishia kwenye karatasi! Mfereji wa chipu, mwembamba kama unywele, unahitaji nanolita tu, yaani sehemu za elfu za maikrolita. Humo vimiminika viwili hupita ubavu kwa ubavu bila kuvurugana. Chumvi, kwa kuwa ni ndogo, huvuka upesi upande wa pili. Protini ni kubwa, hubaki nyuma. Sampuli inasafika bila kutikiswa.

Adui ni kiputo cha hewa. Hujibana kwenye kona ya mfereji, hutetemeka kila pampu inaposukuma, na protini zikigusa uso wake hufumuka. Toa hewa mapema kwenye bafa, ule mmumunyo wa chumvi unaotunza protini. Funika kuta za mfereji kwa PEG, polima inayozuia protini kunata, la sivyo PDMS itazinasa protini zako. Na narudia: toa hewa kwenye bafa.

Kwa chipu hizo, sampuli ambayo maabara ilisema ni kidogo mno ndiyo iliyotupa picha safi, chembe zimetawanyika, kila moja peke yake. Najivunia hilo waziwazi. Yule mkubwa alikuja mwenyewe kuniuliza nimefanyaje.

Kwa hiyo vijana, acheni kuidharau pipeti. Hadubini ya mabilioni haiwezi kuirudisha protini iliyokwisha kuharibika. Dada, kabla hujaomba hata saa moja ya hadubini, mwombe msimamizi wako mwezi mzima wa kushughulika na bafa na mifereji tu.